Tamthilia za Kihispania: kutoka studio za Mexico na Miami hadi kwenye visimbuzi vya Kunduchi

Tamthilia za Amerika ya Kusini na Mexico zinazotazamwa jioni majumbani, ikiwemo katika Kata ya Kunduchi, Wilaya ya Kinondoni, ni zao la biashara kubwa ya utangazaji wa televisheni kwa lugha ya Kihispania. Makala hii inaeleza namna biashara hiyo inavyoendeshwa, zao lake linavyomfikia mtazamaji wa Tanzania na haki alizonazo mtazamaji huyo.

Chimbuko la biashara

Nchini Marekani, kituo cha KCOR-TV cha San Antonio, Texas, kilianza mwaka 1955 kikiwalenga wasemaji wa Kihispania, na ndicho asili ya mtandao wa Univision. Mshindani wake, Telemundo, asili yake ni kituo kilichoanzishwa Puerto Rico mwaka 1954. Mwezi Januari 2022, Univision iliungana na kitengo cha maudhui cha Televisa ya Mexico na kuunda kampuni ya TelevisaUnivision.

Mzalishaji wa tamthilia hulenga kurejesha gharama zake katika soko la nyumbani kupitia matangazo ya biashara. Baada ya hapo, kila nchi inayonunua haki za kuionesha humwongezea mapato bila gharama mpya ya kurekodi. Kwa sababu hiyo, anaweza kuuza kwa bei nafuu katika masoko madogo. Huo ndio ushindani unaomkabili mzalishaji wa Kitanzania, ambaye gharama zake zote hutegemea soko la ndani.

Suala la lugha

Haki za matangazo huuzwa kwa kuainisha nchi, muda na lugha. Kwa Afrika, tamthilia nyingi za Kihispania huingizwa sauti za Kiingereza. Chaneli ya Telemundo iliyoanza kuonekana kupitia DStv mwaka 2013 ilifuata utaratibu huo. Kwa upande wa Kiswahili, mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya China iitwayo Mao Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Azam TV nayo imerusha tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili. Kazi hiyo huhitaji wafasiri, waigizaji wa sauti na mafundi mitambo, hivyo sehemu ya fedha inayotumika kununua tamthilia ya nje huweza kubaki nchini kama ajira.

Leseni na usambazaji

Mitambo ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012. Tangu hapo, mkazi wa Kunduchi anayetumia antena au dishi huhitaji kisimbuzi, au televisheni iliyotengenezwa ikiwa na uwezo wa kupokea matangazo ya kidijiti. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, leseni za utangazaji hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Anayesambaza mawimbi na anayeandaa maudhui huwa na leseni tofauti.

Tamthilia za nje zilizo katika chaneli za kulipia hukatika kifurushi kinapoisha. Chaneli za kitaifa zisizolipiwa, zinazopatikana kwa antena kupitia mitambo ya ardhini, zinapaswa kuendelea kuonekana.

Haki na wajibu wa mtazamaji

Mwananchi asiyeridhika na huduma aliyoilipia anatakiwa kuwasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wake, akiwa na kumbukumbu za malipo. Asiporidhika, anaweza kuyafikisha TCRA, na anayepinga uamuzi wa Mamlaka hukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC), lililoanzishwa kwa Sheria ya TCRA ya mwaka 2003, husimamia maslahi ya watumiaji na kutoa ushauri.

Aidha, kifurushi cha nyumbani hakimpi mmiliki wa kibanda umiza haki ya kuonesha tamthilia au mpira kwa kiingilio. Maonesho ya biashara huhitaji idhini ya mwenye haki, kwani kazi hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwenye kibanda anashauriwa kupata idhini hiyo kwa maandishi kabla ya kuanza kutoza kiingilio.