Taa ya miche: mwanga uangukie jani, si sakafu

Katika mtaa wa Namuwongo, tarafa ya Makindye jijini Kampala, nyumba zimesongamana kandokando ya reli na mfereji wa Nakivubo, na madirisha mengi hutazama ukuta wa jirani. Kampala iko karibu na ikweta, na mchana wake hudumu takriban saa 12 mwaka mzima. Jua lipo, ila haliingii chumbani. Mkazi anayeotesha sukuma wiki, dodo au nakati ndani hulazimika kutumia taa. Ikumbukwe kwamba mwanga unaomulika sakafu hulipiwa sawa na ule unaolisha mche.

Umbali
Mwanga wa balbu hupungua upesi kadiri unavyosafiri. Umbali ukiongezeka maradufu, jani hupata robo tu ya mwanga wa awali; ukiwa mara tatu, hupata sehemu moja ya tisa. Balbu iliyo darini, basi, haisaidii sana. Taa ndogo ya LED ining'inizwe sentimita 15 hadi 30 juu ya majani, na ipandishwe miche inaporefuka. Weka kiganja usawa wa majani: ukihisi joto, isogeze juu.

Mtawanyiko
Katikati ya trei hupata mwanga mwingi kuliko pembeni. Taa mbili za wati 10 zilizoachana hueneza mwanga vizuri zaidi kuliko moja ya wati 20. Mwenye taa moja azungushe trei kila siku. Karatasi nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa hurudisha kwenye majani mwanga ambao ungepotea.

Muda na gharama
Miche ya mboga za majani huhitaji mwanga kwa saa 14 hadi 16, kisha giza. Wati 20 zikiwaka saa 14 kila siku hutumia yuniti 8.4 za umeme kwa siku 30. Balbu za zamani za waya mwembamba hazifai, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto.

Dalili
Shina refu, jembamba na lililopauka huashiria uhaba wa mwanga. Majani yaliyobabuka upande wa juu huonyesha kwamba taa iko karibu mno. Nyaya na soketi zikae mbali na maji ya kumwagilia, na taa izimwe kabla ya kumwagilia.

Mpaka wa taa
Jua la adhuhuri huipita taa ya chumbani mara mia kadhaa. Kwa hiyo taa hufaa hasa kwa majuma matatu au manne ya mwanzo. Baada ya hapo miche izoezwe jua kidogo kidogo, kisha ihamishiwe kwenye gunia la udongo nje ya mlango. Nyanya na pilipili, zinazohitaji mwanga mwingi ili zizae, zisitarajiwe kuzaa chini ya balbu ya sebuleni.