Kikuza sauti

Rafiki yangu mpiga solo amenunua Fender Deluxe Reverb, amplifaya ya valvu, na wiki hii hana hadithi nyingine. Anaiita kipaza sauti. Namwelewa, ila jina hilo tumeshalitwika mengi: maikrofoni ya msikitini ni kipaza sauti, na spika iliyofungwa juu ya gari la matangazo nayo ni kipaza sauti. Kupaza ni kukifanya kitu kipae, basi.

Valvu hufanya zaidi ya hapo. Ndani ya kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, waya mwembamba huwaka wekundu, elektroni zikatoka kwenye kathodi iliyopata moto kuelekea anodi. Katikati kuna wavu. Umeme hafifu wa gitaa ukifika kwenye wavu huo, huutawala mkondo wote mkubwa unaopita. Ukizigusa nyuzi taratibu, sauti hutoka safi. Ukizicharaza, valvu huelemewa, vilele vya mawimbi hubinywa kwa ulaini, na sauti hupata mkwaruzo mtamu ambao haukuwamo kwenye nyuzi. Ndiyo maana mtu mzima analizunguka sanduku la wati 22 kama mtoto siku ya Idi!

Kwa hiyo nashikilia kikuza sauti. Kukuza kumetokana na kukua. Tunakuza mtoto, tunakuza kipaji, na kinachokuzwa hubadilika. Jukwaani waendelee kusema amplifaya, ni neno letu pia. Vitabu vya kufundishia muziki ndivyo ningependa viandike kikuza sauti, na kipaza sauti waachiwe wasemaji.