Swichi ya siri mu gari: wapi inasaidia, wapi hapana

Alarme inapiga kelele tu, haizuie gari kuondoka. Mwizi anayejua kazi anafungua kapo, anatoa waya wa batri, kelele inanyamaza. Ukinunua, chagua ile sirene yake iko na batri yake ndogo.

Swichi ya siri inafanya kazi ingine: inakata umeme, gari haiwake hata na ufunguo. Lakini ukate waya gani? Ukikata wa demarere, gari yenye vitesi vya mkono bado wezi wanaweza kuisukuma na ikawaka. Ukikata wa pompi ya esansi, inaweza kuwaka, itembee kidogo, halafu izime, ju esansi iliyobaki mu tuyo imeisha. Gari nyingi za zamani za mazutu hazina pompi ya umeme. Hapo fundi anakata ule waya mdogo unaoenda kwenye pompi enjeksio.

Omba aweke na rele, kwani swichi ndogo ikibeba umeme wote wa pompi itaungua. Tena isiwe pahali goti linagonga. Moteri ikizima mu miteremko kama ya Bukavu, breki na volani vinakuwa vizito. Wanaokuoshea gari wasijue iko wapi.

Na kama watu wenye silaha wanakusimamisha barabarani, usiiguse. Acha ufunguo, shuka, ondoka. Gari ikizima mbele kidogo na wewe ungali karibu, watakurudia.