Bunduki iliyofichwa na bariere: yale ambayo motari na msafiri wa Masisi na Walikale anapashwa kujua

Mtu akitoka Sake akipanda Mushaki kuelekea Masisi-centre, ao akishika njia ya Kitchanga na Mweso kwenda Pinga, anajua kama atasimamishwa. Hajui tu mara ngapi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, kituo cha utafiti cha Ubelgiji, walihesabu bariere 798 katika Kivu zote mbili, na 486 kati yake zilikuwa Kivu ya Kaskazini. Tangu wakati ule vita vimehamisha bariere nyingi. Zingine zimekufa, zingine zimezaliwa, na wenye kuzishika wamebadilika, lakini kazi yake ni ileile: kukagua na kulipisha.

Mara mingi kusimamishwa ni mambo ya pesa. Msafiri analipa, ao anaomba huruma, ao anangojea saa nzima kwenye jua, kisha kamba inashushwa na moto inapita. Kitu kimoja kinaweza kugeuza yote hayo kwa dakika moja: silaha iliyofichwa chini ya koti, ndani ya mfuko, ao katikati ya gunia la maharagi. Hapo hakuna tena mazungumzo ya franka elfu moja. Yule aliyeshika kamba anajiuliza kama anaenda kupigwa risasi, na mtu anayejiuliza hivyo hangojei sana.

Ni nani ana ruhusa ya kubeba?

Sheria ya silaha nchini Kongo ni amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ni ya zamani, ya wakati wa Zaire, lakini ndiyo inayotumika. Inasema kwa kifupi kama raia hawezi kuwa na silaha bila ruhusa ya serikali. Ruhusa hiyo ni karatasi yenye jina la mtu na alama za silaha yenyewe. Haiazimwi kwa ndugu, hairithiwi, na hainunuliwi kwa mtu aliyechoka na yake. Na kuna silaha ambazo raia hapati ruhusa yake hata akiomba namna gani, yaani silaha za vita. Kalashnikov ya raia mwenye karatasi nzuri haipatikani. Mwenye kuonyesha karatasi kama hiyo amedanganywa, ao anadanganya.

Katika maeneo yetu mawili, raia mwenye bastola na ruhusa kamili ni wa kutafuta kwa taa. Watu wanaotembea na silaha kihalali ni askari wa FARDC, polisi, na walinzi wa ICCN kwa upande wa mbuga za Maiko na Kahuzi-Biega, ambazo zote mbili zinaingia Walikale. Askari anayesafiri kwa kazi anatakiwa kuwa na karte yake ya huduma na ordre de mission. Shida ni wale wanaosafiri bila uniforme, bastola kwenye mukaba, juu ya moto ya kukodi, kama abiria wa kawaida.

Kuna pia wawindaji. Ndani ya pori la Walikale bunduki ya kalibre 12 ni chombo cha kazi, sawa panga, na wengi waliirithi kwa baba yao. Hapa watu wanachanganya mambo. Barua ya chefu wa kijiji haiwezi kuchukua nafasi ya ruhusa ya silaha. Tena ruhusa ya kuwinda, inayofuata sheria ya tarehe 28 Mei 1982, ni karatasi nyingine, mbali na ile ya bunduki. Mwindaji anatakiwa kuwa na zote mbili. Na ndani ya mbuga ya taifa hata mwenye zote mbili hana haki ya kuwinda.

Motari ndiye anashikwa wa kwanza

Mteja akikutwa na bastola, swali la kwanza linaulizwa kwa motari: "Unamujua huyu mutu? Mulitoka naye wapi?" Kusema "ni mteja tu" ni ukweli, lakini hakutoshi kila siku. Katika eneo ambalo kila upande unatafuta wapelelezi wa upande mwingine, aliyebeba mtu mwenye silaha anahesabiwa haraka kama mwenzake.

Motari hana haki ya kumpekua mteja. Lakini ana haki ya kuuliza kabla ya kuwasha moto, na ana haki ya kukataa. Swali dogo linatosha: "Papa, uko na kitu chochote cha kuniletea matatizo kwa bariere?" Mwenye silaha ya kazi na akili timamu atasema ndiyo, na atasema pia karatasi zake ziko wapi. Mwenye kukasirika ju ya swali hilo amekwisha kujibu.

Ofisa anayevaa kiraia na kupita na bastola katika njia ambapo bariere moja ni ya jeshi, inayofuata ni ya Wazalendo na ya tatu ni ya AFC/M23 ao kundi lingine, anahatarisha watu wote walio pamoja naye. Karte ya huduma inayomfungulia kamba ya kwanza ndiyo inayoweza kumuua kwenye kamba ya tatu. Kwa sura hiyo, silaha ya kazi inapashwa kusafiri na watu wa kazi, ndani ya gari ya kazi. Moto ya mama anayepeleka jibini sokoni si mahali pake.

Mifuko na magunia ni habari ileile. Mtu anakuja asubuhi na kolis: "Ufikishie shemeji yangu Nyabiondo, atakulipa kule." Motari hajui ndani kuna nini. Masasi ni madogo, yanaingia hata ndani ya unga wa mihogo. Kifurushi kifunguliwe mbele ya mwenye kukituma, jina na namba yake ya simu viandikwe, na kama anakataa kufungua, abaki nacho. Mbele ya OPJ ao oditora ya kijeshi, aliyekutwa na mzigo ndiye anaanza kujieleza. Yule aliyeutuma kwa wakati huo amekwisha kuzima simu.

Mikono, kisha maneno

Wale wanaosimama kwenye bariere wanaangalia kwanza mikono. Wengi wao ni vijana, hawakulala, wengine wamelewa. Masisi ni ya baridi, na kila mtu huko juu anavaa koti kubwa na kuweka karatasi kwenye mfuko wa ndani, karibu na kifua. Kwa mtu aliyeshika bunduki, mkono unaoingia ndani ya koti unafanana kabisa na mkono unaotafuta bastola. Ndiyo maana motari wenye uzoefu wanatoa permis, karte rose na assurance mbali, kabla ya kufika, na kuziweka mahali pa wazi. Mwenye gari afanye hivyo pia.

Kufika pale: kupunguza mwendo mapema, kusimama kabla ya kamba na si juu ya kamba, kuzima moteri. Motari anaacha mikono miwili kwenye gidoni, abiria anaiweka juu ya magoti. Usiku, taa kubwa ya gari inazimwa na ile ya ndani inawashwa, ju mtu aliyepofushwa na taa anaogopa. Hakuna kushuka mpaka kuambiwa. Hakuna kucheka kati yenu wala kusema lugha ambayo yule wa bariere hasikii, hata kama ni kusalimia tu.

Na yule mwenye silaha halali? Aseme mbele mkono wake haujatembea, na aanze na kazi yake, ndipo ataje bunduki. Neno "bunduki" likisikika la kwanza, ndilo peke yake litasikika. Kitu kama hiki: "Shefu, mimi ni polisi, niko kazini. Niko na silaha ya kazi kwa mukaba, upande wa kuume. Mikono yangu ni hii. Nifanye aje?" Kisha anangojea. Haigusi, hata kwa kusaidia. Kama wanataka kuitoa, waitoe wao. Kama wanataka karte, aseme iko mfuko gani, angojee ndiyo, halafu aitoe polepole.

Mwindaji ana njia rahisi zaidi, nayo ni kutoficha. Bunduki bila risasi, imefunguliwa, imefungwa juu ya mzigo ambapo inaonekana, na risasi katika mfuko mwingine. Kalibre 12 iliyolazwa chini ya hema inageuka kuwa silaha ya mwizi hata kama mwenye nayo ni mzee anayetafuta nyama ya nyani.

Familia nyingi za Kivu zina ndugu Marekani, na kule habari hii ni ya kila siku, maana raia wengi wana ruhusa ya kubeba bastola iliyofichwa. Kila jimbo lina sheria yake: Michigan inamlazimisha mwenye silaha kumwambia polisi mara moja, majimbo mengine yanangoja polisi aulize. Tarehe 6 Julai 2016, karibu na mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, polisi alisimamisha gari ya Philando Castile, mwanaume wa miaka 32 aliyekuwa na ruhusa kamili. Alimwambia polisi kama ana silaha. Sekunde chache baadaye polisi alifyatua risasi saba, akisema alifikiri jamaa anachukua bastola. Castile alikufa. Mwaka 2017 mahakama ilimwachilia polisi huyo. Castile alisema ukweli na karatasi alikuwa nayo, lakini mwenye bunduki mbele yake aliogopa mkono. Ndugu walioko kule wanajua habari hiyo vizuri, na wanawafundisha watoto wao kuacha mikono kwenye usukani na kuuliza kabla ya kutafuta karatasi.

Jetoni na simu

Silaha siyo kitu pekee kinachofichwa. Jetoni ya kundi moja, iliyolipwa kwa shida kwa mwezi mzima, inaweza kuwa ushahidi wa usaliti kwa kundi lingine kilomita kumi mbele. Risiti ya "lala salama" vilevile. Simu ndiyo mbaya zaidi: picha ya kijana mwenye bunduki iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, hata kama mwenye simu hamjui, imewaingiza watu kasho. Wasafiri wengi wanasafisha simu usiku kabla ya safari. Ni busara, ila simu iliyo tupu kabisa nayo inaleta maswali.

Kuhusu pesa, Katiba ya 2006 iko wazi: kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria, na kifungu cha 30 kinatoa haki ya kutembea. Polisi wa barabarani, wale tunaoita roulage, wana haki ya kuomba karatasi za gari na za dereva kufuatana na Code de la route ya 1978. Mengine mengi yanayolipishwa hayana msingi. Lakini Katiba haisomwi kwenye kamba saa moja ya usiku. Andika mahali, siku, saa na kiasi ukifika salama, na upeleke habari kwa shirika la motari ao shirika la raia.

Mtu akikamatwa

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya état de siège, na kesi za raia za jinai zilipelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Kwa hiyo raia aliyekutwa na silaha asifikiri kama ataenda parke ya kawaida. Hata hivyo kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu katika lugha anayosikia, aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia ao wakili, na asikae kizuizini zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya sheria. Na kifungu cha 61 kinasema hata wakati wa état de siège haki ya kujitetea haiondolewi, na mateso hayaruhusiwi. Kwenye bariere ya kundi lenye silaha vifungu hivyo vina nguvu ndogo, na mara mingi ni wazee, wachungaji na mapadri ndio wanaofanikiwa kumtoa mtu.

Aliyeokota bunduki shambani ao kandokando ya mto asiipeleke mwenyewe kwenye posti, hasa si kwa moto na si ndani ya gunia. Nia yake nzuri haionekani kutoka mbali. Aiache palepale, awaondoe watoto, amwambie chefu, na wenye kazi hiyo wafuate. Aliyebaki na silaha tangu vita na anataka kuiachilia, programu ya P-DDRCS iliyoanzishwa Julai 2021 ndiyo yenye kazi ya kupokea. Huko pia, ujumbe unatangulia, bunduki inafuata baadaye.

Kabla ya kuondoka, motari anaacha nyumbani jina la njia atakayopita, namba ya gile yake na namba ya mteja. Yule anayebaki akiona saa ya kufika imepita, anajua aanze kuuliza kwenye bariere gani.