Nyama, Machungwa na Kuku

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu nyama ya sokoni. Sehemu ya nyama hiyo ilikuwa imetolewa kwa sanamu, nao waumini walibishana: je, anunuaye ameshiriki ibada ya sanamu, au amenunua kitoweo tu? Ubishi ulianzia sokoni ukaingia mezani, ukatishia undugu. Huko Marekani mambo hayo yamejirudia, safari hii kwa juisi na kuku.

Mwaka 1977 mwimbaji Anita Bryant, aliyetangaza juisi ya machungwa ya Florida, aliongoza kampeni ya kufuta sheria ya kaunti ya Dade iliyokataza kuwabagua mashoga katika kazi na makazi. Wapinzani wake waliisusia juisi ile. Alishinda kura, lakini baadaye akapoteza mkataba wa matangazo. Miaka 20 baadaye silaha hiyohiyo ilishikwa na upande wa pili: Wabaptisti wa Kusini, wakikutana Dallas mwaka 1997, waliazimia kuisusia Disney, mojawapo ya sababu ikiwa mafao iliyowapa wenzi wa wafanyakazi mashoga. Waliusitisha mgomo huo mwaka 2005. Nayataja yote mawili kwa kuwa kila upande hupenda kuuona mgomo kuwa ni ubaya wa wenzake. (Kususia kwenyewe si dhambi, Waingereza walioacha sukari ya watumwa mwaka 1791 walikuwa na sababu njema.)

Julai 2012 Dan Cathy, rais wa Chick-fil-A, kampuni ya migahawa ya kuku ambayo haifunguliwi Jumapili, alitetea hadharani ndoa ya mume na mke. Waliokasirika walisusia. Agosti 1 waliomuunga mkono walipanga foleni ndefu kununua. Chakula cha mchana kikawa kura. Ukionekana na mfuko wa mgahawa ule, rafiki yako amekwisha kukuhesabu. Ukikataa kuingia, vilevile. Urafiki mwingi hufa hivyo, hakuna aliyemwuliza mwenzake anaamini nini wala kwa nini.

Shane Windmeyer, shoga na kiongozi wa Campus Pride, shirika linalotetea wanafunzi, alikuwa miongoni mwa waliopiga kampeni dhidi ya kampuni hiyo. Agosti hiyohiyo Cathy alimpigia simu. Wakaendelea kuzungumza na kukutana. Windmeyer aliisimamisha kampeni baada ya kuona nyaraka za michango ya kampuni, kwamba makundi yaliyowaumiza zaidi hayakuwa yakipewa tena. Desemba 31 alikuwa mgeni wa Cathy uwanjani Atlanta, na Januari 2013 akaandika habari za urafiki wao. Wapo wa upande wake waliomlaumu. Cathy hakubadili imani yake juu ya ndoa, wala Windmeyer hakuacha kudai haki.

Sisi Walutheri hatuko mbali na hayo. Mwaka 2009, Minneapolis, kanisa la ELCA lilikubali wachungaji walio katika mahusiano ya kudumu ya jinsia moja. Mwaka 2010 KKKT ilipinga ndoa hizo katika Tamko la Dodoma. Mwaka 2013 Mekane Yesus ya Ethiopia ilivunja ushirika na ELCA. Dayosisi ya Iringa na sinodi ya Saint Paul, wenzi katika Bega kwa Bega, hawakuachana. Tamko bado lipo, na karo za wanafunzi wa sekondari zimeendelea kulipwa.