SAFU YA LUGHA: Lakabu si jina bandia

Siku hizi waandishi chipukizi wa riwaya husema wanatafuta "jina bandia" la kuweka kwenye jalada. Neno hilo linawaonea. Bandia ni kitu cha kughushi: noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Mwandishi anayejichagulia jina la kutungia hamwibii mtu, na Kiswahili kina neno lake zuri: lakabu.

Asili yake ni Kiarabu, laqab, sifa anayopewa mtu juu ya jina lake. Ar-Rashid ya Khalifa Harun ni lakabu. Washairi wetu walilipokea neno wakalifanya saini ya kazi: Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza, na kila msomaji wa mashairi alimjua ni nani. Jina la utani ni jambo jingine kabisa. Hilo unabandikwa na wenzako, upende usipende.

Lakini lakabu haimlainishi mchapishaji. Charlotte Brontë alijiita Currer Bell, na bado riwaya yake ya kwanza, The Professor, ilikataliwa na wachapishaji kadhaa. Jane Eyre ikatoka 1847; ile ya kwanza ikangoja hadi 1857, mwenyewe akiwa ameshafariki. Kwa hiyo, ndugu mwandishi, usafishe mswada kwanza, jina la jalada utalitafuta baadaye. Na kwenye mkataba tia jina lako halisi, lile lililo kwenye akaunti ya benki, maana huko ndiko mrabaha utakakoingizwa.