Maduka Yalijaa Kabla ya Mifuko

Dar es Salaam ya mwaka 1983 ilikuwa mji wa foleni. Watu wakiona mstari mbele ya duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, au la ushirika walijiunga kwanza, wakauliza baadaye kama kilicholetwa ni sukari, sabuni au mafuta ya kupikia. Aliyechoka kusimama aliacha jiwe mahali pake, na jiwe lile liliheshimiwa. Balozi wa nyumba kumi alishika orodha ya kaya zake, na kupata jozi ya kanga kulihitaji kujuana na mtu. Mezani kulikuwa na ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, uliokuwa ukilalamikiwa na kila mtu na kuliwa na kila mtu.

Dhiki hiyo haikushuka siku moja. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuja pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita vilivyofuata vikala fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Viwanda vilikosa vipuri, malori yalikosa matairi, na pamba ilibaki maghalani. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani. Mwalimu akakataa, na waziri wake wa fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Miezi 18 ikageuka miaka.

Serikali iliwatafuta wenye makosa. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na walanguzi wakakamatwa kwa mamia. Wengine walimwaga bidhaa baharini na porini usiku ili wasikutwe nazo. Sokoine alikuwa mtu safi, na wananchi walimpenda kwa haki. Kifo chake Aprili 12, 1984 kinakumbukwa hadi leo. Lakini kumkamata mwenye sukari hakukuongeza sukari. Mwaka huohuo wa 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na waliohesabiwa kuwa hawana kazi wakapelekwa vijijini. Kati ya waliosumbuliwa walikuwemo mama ntilie na wauza maandazi, watu walioamka saa kumi usiku kuwasha moto.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya 1984. Mwenye fedha za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 akaendelea na njia hiyo, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Sabuni ikarudi, mitumba ikajaa, na foleni zikaisha upesi kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Fedha ya kununulia, hata hivyo, haikurudi. Katikati ya 1986 shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40, na kufikia 1990 ilikuwa karibu 195. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyeichunguza Dar es Salaam ya miaka hiyo, alionyesha kwamba thamani halisi ya mishahara ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1974 na 1988. Karani aliyeajiriwa serikalini alipokea mshahara usiomfikisha hata katikati ya mwezi.

Nani basi aliyelisha familia? Ni miradi. Mwalimu alifundisha tuisheni, nesi alifuga kuku, mhadhiri wa chuo kikuu alifuga nguruwe nyuma ya nyumba. Zaidi ya wote ni wanawake: vitumbua, barafu, pombe, samaki wa kukaanga, ushonaji. Wengi wao walianza biashara miaka ileile ya shida, na kipato chao, ambacho hakuna ofisi iliyokihesabu, ndicho kilicholipa kodi ya nyumba na sare za shule. Februari 1991, kwa Azimio la Zanzibar, chama tawala kiliwaruhusu viongozi nao kuwa na miradi. Wauza maandazi walikuwa wameshatangulia.

Kuna mambo yaliyozidi kuwa mabaya wakati maduka yamejaa, na hayo yasifichwe. Ada na michango ya shule ilirudi, na nchi iliyokuwa imekaribia kumwandikisha kila mtoto darasa la kwanza ikaona madawati yakibaki wazi. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama hospitalini. Ilibidi kusubiri hadi ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya nchi kupata msamaha wa madeni: wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005.

Kijijini hadithi ni nyingine. Zamani mkulima wa Ruvuma au Rukwa alilipwa bei ileile ya mahindi kama wa karibu na Dar es Salaam, kwa kuwa serikali ilibeba gharama ya safari. Utaratibu huo ulipoondolewa, na ruzuku ya mbolea ikaondolewa, umbali ukawa mzigo wake peke yake. Takwimu za mapato na matumizi ya kaya zinasema wazi. Kati ya 1991/92 na 2000/01, umaskini wa mahitaji ya msingi jijini Dar es Salaam ulishuka kutoka asilimia 28.1 hadi 17.6. Vijijini ulishuka kutoka 40.8 hadi 38.7 tu.

Unafuu ulikuja, basi, na anayekana hilo hakusimama foleni ya sabuni. Ila ulichelewa, ulianzia mjini, na walioununua kwa jasho ni watu waliokuwa wakifukuzwa barabarani na mgambo. Katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, umaskini ulikuwa asilimia 15.8 mijini na 31.3 vijijini.